Udongo wa Kina Fuller

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi ya dobi, na najua mnachotarajia: sabuni ipi, maji ya joto gani, pasi ya mvuke inashikwaje. Nitayasema, lakini kwa njia yangu, na njia yangu ina vichochoro vingi. Mtanivumilia. Miaka kumi na sita nimekaa ghorofa ya chini kabisa ya hoteli moja pale Al Sadd, Doha, nikifua na kunyoosha nguo za watu ambao wengi wao sikuwahi kuwaona sura. Niliwajua kwa kola zao. Mtu mwenye wasiwasi utamjua kwa kola, na anayekula harakaharaka utamjua kwa mkono wa kulia wa shati lake.

Kule hakuna aliyeniita Hemedi mwezi wa kwanza. Wageni, walinzi, wapishi, wote walinipigia kelele, "Ya dobi!" Mimi na hasira zangu za Kitanga nikawa siitiki. Nikamlalamikia Otieno, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akiendesha mashine ya kunyooshea mashuka, nikamwambia nina jina nililopewa na baba yangu, kwa nini niitwe kwa kazi?

"Wewe shukuru," akanijibu bila kuacha kulisha shuka kwenye mashine. "Mimi niliitwa Otieno juu nilizaliwa usiku. Sasa huku wananipea night shift kila wiki, wanadhani ndio kazi yangu."

Nilicheka, hasira ikapungua. Miaka michache baadaye nikaja kujua kwamba iko nchi ambayo watu waliitwa kwa kazi zao mpaka kazi ikageuka jina la ukoo, na wajukuu wa wajukuu wanaitwa hivyo mpaka leo ingawa kazi yenyewe hawaijui. Aliyenieleza habari hiyo ni Mwingereza mmoja, Mister Fuller. Na wiki hiyohiyo aliyonieleza, mimi nilikuwa nimebakiza kidogo tu kumrudisha kwao, kwa kosa langu mwenyewe, mtu aliyenifundisha kila ninachokijua. Hiyo ndiyo habari nataka muisome. Sabuni mtajifunza huko huko.

Mtu mwenyewe aliitwa Gul Zaman, Mpakistani wa karibu na Peshawar, mrefu, mkavu, ndevu nyekundu za hina. Tulimwita Ustadi. Kazi yake ilikuwa kutoa madoa tu. Hakufua, hakupiga pasi. Alikuwa na meza yake pembeni, taa yake, chupa zake ishirini na kitu zisizo na vibandiko, na alizijua zote kwa harufu. Nguo yoyote yenye doa ilipita kwake kabla ya kwenda kokote.

Nilipelekwa mezani kwake baada ya kuharibu. Nilikuwa nimepewa koti la mgeni lenye tone la damu, nikalitosa kwenye maji ya moto, nikijua moto ndio usafi. Damu ikaiva kama maini. Ustadi alilitazama lile koti, akanitazama mimi, akauliza kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza kama nyumbani tunakula damu ya kupika. Halafu akavuta kiti akaniambia nikae.

Basi shikeni haya aliyonipa siku ile. Damu ni maji baridi, daima. Jasho usilipige pasi kabla hujalitoa, litakaa hapo mpaka shati lioze. Doa usilolijua ulinuse kwanza, kisha uliguse kwa kidole kilicholowa, kisha ndiyo ufikirie chupa. Usisugue kutoka katikati kwenda nje, utalipanua. Anza ukingoni uingie ndani. Na nguo yoyote, hata uwe na haraka namna gani, igeuze uitazame kwa ndani, kwa sababu kwa nje nguo hujipamba. Hilo la mwisho nililisikia mara mia, nikalijibu "naam, Ustadi" mara mia, na ndilo lililonitia aibu.

Kulikuwa na kopo moja kubwa chini ya meza yake. Ndani mlikuwa na udongo. Udongo kabisa, unga laini wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Aliununua kwenye duka la Mpakistani mwenzake mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, karibu na jengo tulilokuwa tunaishi, ambako akina mama waliununua kujipaka usoni wapate ngozi nyororo. Yeye aliutumia kwa mafuta. Kuna nguo haiingii majini hata kidogo, na mkubwa wao ni bisht, lile joho la heshima ambalo kwetu pwani mashehe huliita bushti: sufu nyepesi ya ngamia, ukingoni zari ya dhahabu. Ukilitia maji limekwisha. Ukilitia dawa kali, zari inakuwa nyeusi. Sasa mtu akidondokewa na samli kwenye karamu, unafanyaje?

Ustadi aliunyunyiza ule udongo mkavu juu ya doa, akaukandamiza kwa kiganja, akafunika kwa karatasi, akaliacha joho limelala mpaka kesho yake. Udongo unanyonya mafuta. Kesho anapiga brashi, ananyunyiza mwingine, anasubiri tena. Mwisho anageuza, anapiga brashi kwa nyuma, anapuliza, anafuta kwa kitambaa cheusi mpaka kitoke hakina vumbi. Hapo tu ndipo mvuke unaruhusiwa. Ukileta mvuke udongo ungali ndani, umetengeneza tope.

Ilikuwa Jumatatu pale Abu Khalid alipoleta bisht lake. Mzee huyu alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa mtaa wa Abu Hamour, mpole, alikuja mwenyewe na gari badala ya kumtuma dereva. Joho jeusi, jepesi ajabu, na kifuani bonge la doa la samli. Alhamisi alikuwa anamwoza mwanawe wa kwanza. Ustadi akamwambia Jumatano jioni litakuwa tayari inshallah, akalinyunyiza udongo siku ile ile.

Jumanne asubuhi Ustadi akaitwa kwenda kupimwa afya. Bataka yake, kile kitambulisho cha ukaazi, ilikuwa inakwisha, na bila kupimwa na bila sahihi ya kazini haihuishwi. Alitaka miaka miwili tu. Binti yake alikuwa anasomea unesi kule kwao na alikuwa amebakiza miaka miwili. Jambo hilo tulilijua sote, kwa maana alimweleza kila mtu, na nadhani alizieleza hata mashine za kufulia. Alipokuwa anatoka akanionyesha joho kwa kidole. "Hilo usiliguse mpaka nirudi."

Nami nilikuwa mwaka wangu wa tatu pale mezani. Kichwa kilikuwa kimevimba. Nilijiambia mzee huyu ananibania, anataka wateja wakubwa wamjue yeye tu. Nikalitoa joho, nikapiga brashi kwa mbele kwa ustadi wote. Vumbi likatoka, doa halipo. Zuri! Nikasema nitamfurahisha, akirudi atakuta limekwisha. Nikalitandika, nikavuta pasi ya mvuke.

Sikuligeuza.

Ile sufu ni nyepesi, vijana, udongo hupenya ukalala upande wa pili. Mvuke ulipoingia, pakatokea baka la kijivu ukubwa wa kiganja, gumu kama ukoko wa wali. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikalikandamiza kwa pasi ili lilale, likalala kweli, na likaanza kung'aa. Nikalitundika mahali pake, nikalifunika kwa mfuko wake wa plastiki, nikaenda upande mwingine nikachukua suruali ya mtu nikajifanya nina kazi nyingi.

Ustadi alirudi adhuhuri. Alifunua mfuko, akatazama, akapitisha pua yake juu ya kifua cha joho, akarudisha mfuko. Kabla hajasema neno, akaingia Mister Antuan, meneja wa dobi, Mlebanoni aliyekuwa na sisi kwa miezi minne tu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa vitabu na chupa zenye vibandiko, na lile kopo la udongo alikuwa ameshasema mara mbili liondolewe. Alikuja kuliangalia joho kwa sababu Abu Khalid alikuwa amempigia simu.

"Nini hiki?" akauliza alipoliona baka.

"Udongo," akasema Ustadi.

"Udongo? Kwenye dobi? Watu wanatuletea nguo tuwaondolee uchafu, sisi tunawatia?" Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nani amelishika joho hili?"

Nilikuwa hatua nne kutoka pale, na ile suruali mkononi.

"Meza ni yangu," akasema Ustadi.

Mister Antuan akamwambia kwamba karatasi yake ya kuhuisha bataka iko ofisini, na hataitia sahihi. Amalize mwezi, aende kwao. Ustadi akainamisha kichwa kama anavyoinamisha mtu aliyeambiwa mvua itanyesha, akaanza kupanga chupa zake. Nami nikaikunja ile suruali, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Siku ile ile kwenye kantini ya wafanyakazi Otieno akaja na sahani yake akakaa mbele yangu. Hakuanza kula.

"Hemedi, ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wacha hizo. Niliona moshi ya steam ikitoka pale kwa meza, na mzee alikuwa hospitali. Ama steam ilijiwasha yenyewe?"

Nikamwambia kosa ni la udongo. Meneja mwenyewe kasema ni la udongo. Ule udongo ulikuwa umekatazwa, sasa mimi ningeongeza nini? Nami pia nina watoto Tanga.

"Aa, una watoto. Na yule hana?" Akaisukuma sahani yake kando. "Buda, mimi siendi kukusemea. Siwezi. Lakini huyo mzee anarudishwa kwao juu yako, na wewe unaongeza mchuzi."

Nilikasirika naye kweli. Nilisema moyoni kwamba Wakenya wanapenda kuingilia mambo ya watu. Lakini ule wali niliuacha. Na lile neno la kwamba kosa ni la udongo nililishikilia siku nzima na kesho yake asubuhi, kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika.

Sasa ndiyo anaingia Mister Fuller. Huyu alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji machafu. Miaka ile Doha nzima ilikuwa imechimbwa, na yeye alikuwa amekaa kwenye hoteli yetu mwaka wa tatu, chumba kile kile. Wageni wengine huacha nguo kwenye mfuko mlangoni. Yeye alizileta mwenyewe mpaka chini, kwa sababu alipenda mazungumzo, na nadhani kwa sababu alikuwa mpweke. Alizungumza Kizungu cha polepole, cha kutuhurumia.

Jumatano asubuhi alishuka na koti lake mkononi. Akamkuta Mister Antuan amesimama mezani kwa Ustadi, ameshika lile kopo, anaelekea nalo kwenye pipa la taka. Ustadi yupo kando, mikono nyuma. Mimi nimeshika hanga.

"Samahani," akasema Mister Fuller, "hicho ni nini?"

"Uchafu tu, bwana. Unatupwa."

Mister Fuller akachungulia. Akatia vidole viwili, akausugua ule unga, akaunusa, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. "Huu? Huu una jina langu! Kwetu unaitwa udongo wa kina Fuller. Mmeutoa wapi?"

Mister Antuan alidhani anataniwa. Lakini mzee wa watu akavuta kiti cha Ustadi, akakaa, akatusimulia, na mimi nawasimulia nyinyi kama nilivyosikia.

Alisema zamani sana kwao utajiri ulikuwa sufu ya kondoo. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kinakuwa kimelegea, kina mafuta ya kondoo, kimejaa matundu, ukikivaa upepo unapita. Lazima apatikane mtu wa kukitia kwenye hori la maji na udongo kama huu, kisha aingie mwenyewe, pekupeku, akikanyage. Akanyage tangu asubuhi mpaka jioni. Udongo unanyonya mafuta, miguu inakishindilia, kitambaa kinajikaza, kinanenepa, kinakuwa nguo ya mtu kuvaa wakati wa baridi. Baadaye kinatandazwa juu ya fremu ndefu uwanjani, kimeshikwa kwa ndoano kila upande, kikauke bila kupinda. Mtu huyo wa kukanyaga aliitwa fuller.

"Kama bibi yangu na mablanketi," nikasema, maana nilimwona kabisa bibi Tanga, kanga ameikunja magotini, anakanyaga blanketi kwenye beseni huku anagombana na jirani. Mister Fuller akafurahi. "Basi huko Uingereza bibi yako angeitwa Fuller," akasema, "na wewe pia."

Nikamuuliza ilikuwaje kazi ikawa jina. Akasema kijijini walikuwako akina John kumi, kila mmoja John. Watu wakasema John yule mkanyaga nguo, John yule mhunzi, John yule mwoka mikate. Mwanzoni ilikuwa ni namna ya kuwatofautisha tu, akifa limekufa. Lakini makarani walipoanza kuandika watu kwenye daftari za kodi na za mashamba, wakaandika na ile kazi, na mtoto akaandikwa kwa jina la baba hata kama yeye alikuwa mchunga nguruwe. Ikaganda. Na kwa kuwa kila upande wa nchi ulikuwa na neno lake, mkanyaga nguo wa kusini na mashariki akawa Fuller, wa kaskazini akawa Walker, wa pembe ya kusini-magharibi akawa Tucker. Majina matatu, miguu ile ile. Kisha zikaja nyundo kubwa za mbao zinazoendeshwa na maji ya mto, zikapiga kitambaa badala ya watu, na miguu ikapumzika. Jina likabaki.

"Kitu kimoja nimesahau," akasema. "Kabla ya udongo, walitia mkojo. Mkojo uliochacha. Unatoa mafuta vizuri sana. Walipita nyumba kwa nyumba kuukusanya."

Ustadi Gul Zaman, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama wima kama mtu anayesikia nasaba yake ikisomwa, alirudi nyuma hatua mbili. "Astaghfirullah! Mimi sitii mkojo!"

"Hapana, hapana, wewe umefanya la udongo tu," Mister Fuller akamtuliza. "Sisi ndio wenye mkojo. Na mimi nimesoma chuo kikuu, nikaishia kwenye mabomba ya maji machafu. Ukoo wetu haujafika mbali."

Hata Mister Antuan alicheka. Aliweka lile kopo juu ya meza. Ndipo Mister Fuller akaliona joho limelala pale na baka lake, akauliza limefanywa nini, akaambiwa. Akainama akalitazama kwa karibu.

"Udongo huu hauharibu sufu," akasema. "Umeondoa mafuta, tazama, hakuna mafuta hapa. Tatizo ni maji. Umelowa ukiwa ndani ya nguo."

Mister Antuan alisogea karibu. Nimesema hakuwa mtu mbaya. Akainua lile joho, akaligeuza kwa nyuma, akaona tope lilivyokauka kwenye nyuzi.

"Basi udongo hauna kosa," akasema. "Aliye na kosa ni aliyepiga mvuke." Akamgeukia Ustadi. "Miaka yote uliyofanya kazi hii, ulikuwa hujui kwamba haupigwi mvuke?"

Ustadi akatazama meza.

Vijana wangu, tangu jana yake mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kopo la udongo. Mwingereza mmoja asiyejua chochote amekuja, ameuondolea ule udongo lawama kwa habari za babu zake, na nyuma yake nimebaki mimi, nimesimama na hanga mkononi, naonekana na kila mtu mwenye macho. Otieno alikuwa amesimamisha mashine yake. Nilifikiri habari za mke wangu. Nilifikiri habari za ada ya shule, na paa tulilokuwa tumelianza. Nilifikiri habari za nesi mmoja wa Peshawar ambaye sikuwahi kumwona, ambaye alikuwa hajawa nesi. Nawaambia kweli, kwa sekunde kadhaa nilikuwa sijaamua.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Ustadi hakuwepo. Alinikataza nisiliguse. Nimeligusa."

Mister Antuan alinigeukia. Mister Fuller, kwa adabu, akaanza kuchunguza vifungo vya koti lake. "Kwa nini hukusema jana?" meneja akauliza.

"Niliogopa."

Akaondoka, na kopo akaliacha mezani. Baada ya robo saa akarudi na karatasi ya Ustadi, imetiwa sahihi. Mimi akanivua kazi ya madoa hapo hapo: nirudi kwenye mashuka, nimsaidie Otieno kulisha mashine, mpaka atakapoamua vinginevyo. Alikuja kuamua vinginevyo baada ya mwaka na miezi. Mwaka na miezi wa mashuka meupe, vijana, asubuhi mpaka jioni, na Otieno kila Jumamosi ananisimulia kwa urefu mahubiri aliyoyasikia jana yake kanisani Abu Hamour, maana kule ibada kubwa ni Ijumaa, hususan yale yanayohusu toba. Yule binti alimaliza masomo yake. Ustadi alipoondoka Doha aliondoka kwa hiari yake, na sanduku mbili, na meza ile nikakaa mimi mpaka nilipostaafu. Mashine mpya zililetwa, dawa zenye vibandiko zikajaa rafu, na kopo la udongo halikuondoka pale chini. Kila aliyekuja kufundishwa nilimweleza habari za akina Fuller na Walker na Tucker, pamoja na mkojo, kwa sababu ukimweleza mtu habari za mkojo hasahau na zile nyingine.

Lakini nirudi Jumatano ile, maana sijawaambia la muhimu.

Joho lilikuwa bado na baka na Abu Khalid anakuja jioni. Meneja alipoondoka, Ustadi akalilaza, akaanza kulipiga brashi kwa nyuma, taratibu, kwa brashi yake laini, huku analivuta kidogo kidogo tope likatike. Ananyunyiza udongo mkavu, anafuta, anapuliza, anaanza upya. Hakula mchana, na jioni joho likaondoka safi. Mimi nilikuwa nimeshapelekwa kwenye mashuka, lakini nikaenda nikasimama mbele yake, kwa kuwa sikuweza kusimama mahali pengine.

"Ustadi, nisamehe."

Akaendelea na brashi.

"Ulijua ni mimi?"

"Nilinusa," akasema. "Sufu iliyopigwa mvuke ina harufu. Nilijua kabla meneja hajaingia."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo aliinua macho. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Ningesema mimi, wewe ungefukuzwa leo, umekwisha. Yule bwana ni mgeni, anataka kuonyesha ukali. Ukisema mwenyewe, atakuadhibu tu. Kwa hiyo nikakusubiri."

"Na kama nisingesema?"

Akapuliza vumbi kwenye zari, akafikiri kidogo, kama vile swali lenyewe hakuwa amelipa muda. "Ningekwenda nyumbani," akasema. "Wewe bado watoto wako ni wadogo. Wangu mmoja tu ndiye aliyebaki."

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya mashine na watu, nikajifunika uso kwa kitu cha kwanza nilichokigusa. Nikasikia mkono mzito begani. Alikuwa Otieno.

"Lia tu, bana," akaniambia pole pole. "Lia vizuri, umalize. Lakini hiyo taulo ni ya room mia nne na tano, na nimeshaifua mara mbili."